Mbwa wa Mbegu: Kupima Afya na Kutoa Majibu

Mbwa wa mbegu ni dume au jike aliyechaguliwa kuzalisha watoto wa kuuzwa au wa kugawiwa wafugaji wengine. Vipimo vya afya yake ni vya aina mbili. Vya kwanza hutafuta maradhi aliyoyapata kwa wengine, ama kwa kupandana, ama kwa kupe, ama kwa mbung'o. Vya pili hutafuta kasoro aliyozaliwa nayo, ambayo huenda isionekane kwake maisha yake yote ila ikajitokeza kwa watoto au wajukuu. Vipimo vyote hivyo hukamilika majibu yanapowafikia wengine ambao mbwa wao wamehusika: mwenye jike aliyepandishwa, mnunuzi wa mtoto, na anayefuga ndugu wa tumbo moja. Jibu lililofungiwa kabatini humfaa mbwa mmoja tu.

Kitale na Bungoma, uzito wa jambo hili unatokana na jinsi mbwa wanavyozalishwa huko. Katika mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia, kwenye maboma ya ng'ombe wa maziwa, na katika miji ya Bungoma, Webuye na Kimilili, mbwa hufugwa kwanza kwa ulinzi: alinde ghala, kuku, duka na lango. Anayetaka mlinzi hodari hutafuta jemani shepadi, rotwaila au Boerboel, au chotara wa hao na mbwa wa kienyeji. Madume wa aina hizo si wengi, na dume mmoja akishasifika huitwa boma hili na lile, leo Kiminini, wiki ijayo Kamukuywa, kwa malipo ya pesa taslimu au ya mtoto mmoja wa kuchagua. Haipiti miaka mingi kabla damu yake haijaenea eneo zima, na watoto wake wakaanza kupandishwa wao kwa wao bila wenye mbwa kujua kwamba ni ndugu.

Wafugaji wa eneo hili wanao mfano wa karibu katika ng'ombe. Uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mrija, ulianza Kenya mwaka 1935, na kituo cha kukusanya mbegu za mafahali kikaanzishwa Kabete mwaka 1946. Sababu kubwa iliyouleta ilikuwa maradhi ya uzazi yaliyosambazwa na mafahali wa kuazimana, ambayo yaliwafanya ng'ombe watupe mimba au wasishike kabisa. Leo anayenunua mbegu hutajiwa jina la fahali, namba yake na ukoo wake. Lakini mfugaji huyo huyo, asiyekubali ng'ombe wake apandwe na fahali asiyejulikana, humwachia jike wake wa mbwa kwa dume ambaye hakuna daktari aliyewahi kumtazama sehemu za siri.

Kutazama sehemu hizo ndicho kipimo cha kwanza, na ndicho cha bei ndogo kuliko vyote. Kuna saratani ambayo mbwa huambukizana kwa kupandana, kulambana na kunusana. Chembe zenyewe za uvimbe hutoka kwa mbwa mmoja zikaota kwa mwingine, jambo ambalo ni nadra sana miongoni mwa maradhi yote ya saratani duniani. Uvimbe hutokea kwenye uume au ukeni, mwekundu, unaomeguka kwa urahisi na wenye sura ya koliflawa, nao huchuruza damu kidogo kidogo. Kwa jike, damu hiyo hudhaniwa kuwa ya joto. Kwa dume, uvimbe hujificha nyuma kabisa ya ngozi ya uume, na mwenyewe huona matone tu asijue yanakotoka. Mbwa koko wanaozurura sokoni na kwenye vichinjio ndio hasa wanaoubeba, kwa hiyo dume wa mbegu anayefunguliwa usiku bila ua madhubuti yuko hatarini kila siku. Daktari wa mifugo huivuta ngozi nyuma, akakagua mpaka kwenye shina, na kazi huisha kwa dakika chache. Ugonjwa wenyewe hutibika vizuri kwa sindano za vinkristini, moja kila wiki kwa wiki kadhaa, mradi mbwa asipandishe hadi athibitishwe kuwa amepona.

Bruselosi ni mbaya zaidi. Bakteria anayeitwa Brucella canis humfanya jike atupe mimba baada ya siku kama 45 hivi, au azae watoto dhaifu wanaokufa, au asishike mimba tena. Dume huvimba korodani na mbegu zake zikaharibika. Dawa huutuliza ugonjwa lakini mara nyingi haziuondoi mwilini, na binadamu naye huweza kuambukizwa anapozalisha jike au kushika mimba iliyotoka kwa mikono mitupu. Hapa kuna jambo ambalo wafugaji wengi hawaambiwi: kile kipimo cha bruselosi kilichozoeleka kwa ng'ombe na mbuzi, cha kuchanganya tone la damu na dawa ya rangi ya waridi, hakimkamati bakteria huyu wa mbwa, kwa sababu ganda lake ni tofauti. Mbwa anaweza kutoka maabara na karatasi inayosema ni mzima ilhali hakupimwa kilichotakiwa. Anayepeleka damu, iwe kwa maabara ya kanda ya uchunguzi wa mifugo iliyoko Eldoret au kwa maabara ya binafsi, inafaa aulize mapema kama kipimo cha Brucella canis kinapatikana na aombe kitajwe kwa jina kwenye jibu. Damu ipimwe tena baada ya wiki kadhaa, maana mbwa aliyeambukizwa juzi anaweza kuonekana safi leo. Kile kipimo cha ng'ombe nacho kina kazi yake katika maboma ya maziwa, ambako mbwa hula kondo na ndama waliotupwa na kupata bruselosi ya ng'ombe kwa njia hiyo.

Kipimo cha tatu ni damu iliyopakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza erlikia, ambayo baada ya homa ya mwanzo huweza kukaa mwilini miezi au miaka huku mbwa akionekana mwenye afya, kisha ikamfanya atokwe damu puani au akose damu anapochoshwa na mimba. Babesia nayo huletwa na kupe. Magharibi mwa Bungoma, kuelekea Teso na Busia ambako bado kuna mbung'o, mbwa hupata pia ugonjwa wa tripanosoma: homa, kukonda, na macho kufunikwa na utando mweupe. Erlikia huponyoka hadubini mara nyingi, kwa hiyo hesabu ya chembe za damu, hasa zile za kugandisha, ifanywe pamoja na kioo.

Majibu ya maradhi haya yote huchacha upesi. Dume aliyekuwa safi mwezi Januari na akapandisha majike watatu hadi Machi si yule aliyepimwa. Ndiyo maana tarehe ina uzito sawa na jibu lenyewe, na dume anayetembezwa sana anafaa akaguliwe kabla ya kila msimu wa kazi.

Kasoro za kurithi zina mwenendo wake. Nyingi zinahitaji jeni mbovu kutoka kwa baba na kwa mama pia ndipo mtoto augue. Mbwa mwenye jeni moja mbovu na moja nzuri huitwa mbebaji. Yeye haugui na hana dalili hata moja. Mbebaji akipandana na mbebaji, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua na mbili kati ya nne ya kuwa mbebaji. Mbebaji akipandana na mbwa safi, hakuna mtoto atakayeugua, ingawa karibu nusu watabeba. Hesabu hii inafaa ieleweke vizuri, kwa sababu wafugaji wapya husikia neno mbebaji na kukimbilia kuhasi. Mahali penye madume wachache kama Kitale na Bungoma, kuwaondoa wabebaji wote ni kuzidi kuwapandisha ndugu kwa ndugu, na madhara ya hilo yanaweza kuzidi ya ile jeni iliyokimbiwa. Mbebaji mwenye sifa nyingine nzuri apandishwe na mbwa aliyepimwa kuwa safi, na watoto wa kuendeleza mbegu wapimwe kabla ya kupewa kazi.

Namna dume mmoja anavyoweza kueneza kasoro ilionekana Ujerumani kwa jemani shepadi aitwaye Canto von der Wienerau, aliyezaliwa mwaka 1968. Alikuwa dume wa kupigiwa mfano, akapandishwa sana katika maisha yake mafupi, na damu yake ikaingia katika koo nyingi za aina hiyo. Baadaye ugonjwa wa damu kutoganda, hemofilia A, ulifuatiliwa ukarudishwa kwake. Jeni ya hemofilia hukaa kwenye kromosomu ya X, ambayo dume huirithi kwa mama yake: dume mgonjwa hawarithishi wana wake wa kiume, bali mabinti zake wote huwa wabebaji, na karibu nusu ya wajukuu wa kiume wanaozaliwa na mabinti hao hutokwa damu isiyokoma. Mfugaji aliyetazama wana wa kiume peke yao hangegundua lolote. Jemani shepadi walioko Afrika Mashariki, au wazazi wao, waliletwa kutoka nje, na kipimo cha damu cha ugonjwa huo ni cha haki kwa dume yeyote wa ukoo huo anayepandishwa kwa wingi.

Kasoro ya nyonga ndiyo inayowaumiza mbwa wakubwa wengi zaidi. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake, kiungo kinalegea, kisha kinasagika. Mbwa wa miaka minne anainuka kwa taabu na kushindwa kuruka ua ambao anaulinda. Huonekana kwa picha ya eksirei, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi na miguu ya nyuma imenyooshwa. Chama cha wafugaji wa jemani shepadi cha Ujerumani, SV, kilichoanzishwa mwaka 1899, hakimruhusu mbwa kuzalisha bila jibu la nyonga. Nchi nyingi hupanga majibu kwa herufi A hadi E, na picha hupigwa mbwa akiwa ametimiza angalau miezi 12. Taasisi ya OFA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1966, hutoa jibu la mwisho mbwa akiwa na miezi 24, na picha za kidijitali hupokewa kutoka nchi yoyote.

Nyonga hazifuati hesabu nyepesi ya mbebaji. Jeni nyingi zinahusika, na chakula pia: mtoto wa rotwaila anayejazwa ugali na mifupa ili anenepe haraka hujiharibia viungo hata kama wazazi ni wazima. Kwa hiyo dume mwenye nyonga nzuri anaweza kuzaa watoto wabovu, na picha yake mwenyewe hueleza kidogo kuliko picha zake zikiunganishwa na za ndugu zake wanane na watoto wake kumi. Hakuna mfugaji mmoja anayefuga mbwa hao wote. Wamo mikononi mwa watu Kitale, Kimilili, Eldoret na Kakamega, na wasipoambiana hakuna atakayejua ukoo upi una nyonga imara.

Jeni ya MDR1 inahitaji kutajwa hapa kwa sababu ya mazoea ya maduka ya agroveti. Mbwa mwenye hitilafu ya jeni hii hushindwa kuzuia dawa fulani zisiingie kwenye ubongo. Imeenea zaidi kwa mbwa aina ya koli, na baadhi ya jemani shepadi nao wanayo. Dawa inayosifika kwa madhara hayo ni ivamektini, ile ile ya sindano ya ng'ombe ambayo watu hununua na kuwachoma mbwa wao wenye upele au kupe kwa kukadiria. Mbwa mwenye hitilafu huyumba, hutokwa mate, hupofuka, huzimia, na wengine hufa. Vinkristini inayotibu saratani ya kupandana nayo huwadhuru mbwa hao kwa dozi ya kawaida, kwa hiyo daktari asiyejua hali ya jeni ya mgonjwa wake anatibu gizani. Kipimo cha jeni hii ni cha mara moja maishani: brashi ndogo hupitishwa ndani ya shavu, ikaushwe, kisha itumwe kwa maabara ya vinasaba, nyingi zikiwa nje ya nchi.

Gharama ndiyo pingamizi la kwanza linalotolewa, na si pingamizi la uongo. Mashine za eksirei za wanyama ni chache magharibi mwa Kenya. Wengine huwapeleka mbwa hadi hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Wafugaji watano wakikodi gari moja na kupanga siku moja na daktari, safari huwa nafuu, na vifurushi vya brashi za mashavu vikitumwa pamoja gharama ya posta hugawanyika. Asiye na uwezo wa vipimo vyote aanze na vile vya maradhi yanayoua au kuzuia uzazi sasa: ukaguzi wa sehemu za siri, bruselosi na damu. Nyonga zifuate kwa aina kubwa, kisha jeni kulingana na aina ya mbwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa haimo kwenye hesabu hii ya kuchagua; hiyo ni ya lazima kila mwaka kwa kila mbwa.

Jibu lisilomtambulisha mbwa halina thamani. Njia bora ni chipu ndogo yenye tarakimu 15 inayowekwa chini ya ngozi ya shingo, na namba hiyo iandikwe kwenye kila karatasi ya maabara na kwenye picha yenyewe ya eksirei. Pasipo chipu, zitumike picha za pande zote mbili za mbwa na maelezo ya alama zake, zikiwa na sahihi ya daktari. Karatasi ibebe jina la daktari, muhuri na namba yake ya usajili kwa Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kwani sheria ya mwaka 2011 inataka wanaotoa huduma hizo wawe wamesajiliwa. Cheti cha ukoo kinachotolewa na East Africa Kennel Club hueleza wazazi na mababu. Hakisemi lolote kuhusu nyonga wala bruselosi, na muuzaji anayekionyesha kana kwamba ni cheti cha afya anampotosha mnunuzi.

Ugumu mkubwa uko kwenye kutoa majibu. Mfugaji huogopa kwamba akisema dume wake ni mbebaji, au kwamba alitibiwa uvimbe, jirani atalitangaza neno hilo sokoni Chwele na wateja watahama. Hofu hiyo ina msingi pale ambapo mmoja tu ndiye anayesema. Anayepima na kutangaza huonekana mwenye mbwa wagonjwa, na asiyepima kamwe huonekana mwenye mbwa wazima, ilhali mbwa wa huyo wa pili ndio wa kuogopwa. Dawa yake ni makubaliano ya kikundi kabla hata mbwa wa kwanza hajapimwa: kila mwanachama atatoa majibu yote, mazuri na mabaya, kwa karatasi na si kwa maneno, na dume ambaye hana majibu ataandikwa waziwazi kwamba hajapimwa. Marekani kuna mpango uitwao CHIC, ulioanzishwa mwaka 2001, unaompa mbwa namba yake akishamaliza vipimo vya aina yake na mwenyewe akakubali yatangazwe, hata kama majibu hayakuwa mazuri. Kanuni hiyo inafaa kuigwa vile ilivyo. Kinachoheshimiwa ni ukweli wa rekodi, na mbwa mwenye dosari inayojulikana hupangiwa mwenzake kwa busara.

Vikundi vya WhatsApp ambavyo wafugaji wengi tayari wanavyo vinafaa kwa kupashana habari, ila si mahali pa kuhifadhia. Picha ya karatasi huzama chini ya salamu na matangazo ya watoto wa mbwa baada ya siku mbili. Mtu mmoja mwaminifu, ikiwezekana daktari anayewahudumia wengi wao, atunze daftari au jedwali la kompyuta lenye jina la mbwa, namba ya chipu, wazazi, kipimo, tarehe, jibu na mahali lilipotolewa. Mwanachama asitangaze jibu la mbwa wa mwenzake. Kila mwenye mbwa hutangaza la kwake.

Yako majibu yasiyoweza kungoja mkutano. Dume akikutwa na uvimbe wa kupandana, wenye majike wote aliowapanda miezi ya karibuni wapigiwe simu siku hiyo hiyo, kwa sababu uvimbe huchukua miezi kuonekana na majike hao huenda wakapandishwa kwingine. Akikutwa na bruselosi, simu hizo ziende pia kwa waliozalisha majike hao kwa mikono yao, na mbwa mwenyewe aondolewe kabisa kwenye uzazi. Kadhalika mnunuzi anaporudi kusema kwamba mbwa aliyemnunua mwaka juzi amelemaa, mfugaji anayejali mbegu yake humsikiliza, akaandika, na kuwaarifu wote walionunua katika uzao ule. Wapo wanaobadilisha namba ya simu. Hao wanawatesa mbwa na watu, na mwenye jike hana sababu ya kurudi kwao.

Kabla ya kupandisha, pande mbili ziandikiane karatasi moja: majibu ya dume na ya jike yenye tarehe, malipo, nani atabeba hasara jike asiposhika, na ahadi kwamba taarifa za ugonjwa kwa watoto zitarudishwa pande zote mbili. Mnunuzi wa mtoto apewe nakala za majibu ya wazazi wote wawili, pamoja na kadi ya chanjo na tarehe za dawa za minyoo. Akiambiwa kwamba baba yuko mbali na karatasi zake hazipo, ana haki ya kuahirisha ununuzi.

Rekodi hizi zitunzwe muda mrefu kuliko maisha ya kazi ya dume. Kupooza kwa uti wa mgongo kunakotokana na jeni ya SOD1, ambako jemani shepadi ni miongoni mwa wanaougua, huanza kwa kawaida mbwa akiwa amepita miaka minane: miguu ya nyuma huburura kucha, kisha hulegea, bila maumivu. Kufikia umri huo dume ameshazaa pengine uzao ishirini na wajukuu wake wameanza kuzaa. Daftari la wafugaji wa Kitale na Bungoma linapaswa kuwa na nafasi ya kuandika alivyozeeka na alivyokufa, na kuhifadhiwa angalau miaka 12 tangu kuzaliwa kwa mtoto wake wa mwisho.